Masikio yote mawili yanapofifia na matone hayasaidii

Dada, nimekuelewa: sikio la kushoto lilianza kufifia, la kulia likafuata baada ya majuma machache, na matone uliyopewa kwenye kituo cha afya hapa Bukavu hayakuleta nafuu. Mwendo huo, hasa usikivu unapopanda na kushuka, hunifanya nifikirie hali ambayo kinga ya mwili hushambulia sikio la ndani, hali ambayo daktari Brian McCabe aliieleza mwaka 1979. Matone hayafiki huko.

Muone daktari wa masikio, pua na koo. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea odiogramu (michoro ya vipimo vya usikivu) zinazorudiwa, maelezo yako, na jinsi usikivu unavyoitikia prednisoni, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Usijinunulie dawa hiyo, ingawa katika mji wetu hupatikana kirahisi mno, kwa sababu hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kaswende nayo huiga dalili hizi, kwa hiyo ipimwe kwanza.

Mweleze kama macho yako huwa mekundu na kuuma, kama una kizunguzungu au maumivu ya viungo. Mtajie pia kila dawa uliyotumia, hasa kwinini, streptomisini na jentamisini, ambazo zenyewe huweza kudhuru usikivu.

Usikivu ukipotea ghafla, hata katika sikio moja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Matibabu husaidia zaidi yakianza ndani ya majuma mawili.