Seli haina mfupa, umbo inalitoa wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama umbo la seli latokana na utando wake wa nje au na kitu kilicho ndani. Nakujibu kwa ninayoyaona maabara hapa Mombasa, maana tone la damu tu latosha kulieleza.

Utando peke yake ni mafuta laini, hauwezi kushika umbo. Kinacholishika ni kiunzi cha protini kilichotandazwa chini yake, ndicho kiitwacho saitoskeletoni. Katika seli nyekundu kiunzi hicho ni kama jarife: nyuzi ndefu za spektrini, vifundo vya aktini, na ankirini inayoufunga wavu huo kwenye utando. Ndiyo maana seli ya maikromita 7 hadi 8 hujikunja ikapenya kapilari, yaani kishipa cha damu kilicho chembamba kuliko yenyewe, kisha ikarudi kuwa kisahani, na huishi hivyo siku zipatazo 120.

Mtu akirithi ankirini yenye kasoro, utando hukosa pa kushika, humeguka kidogokidogo, na seli huishia kuwa tufe. Kwenye slaidi, yaani kioo kilichopakwa damu, utaijua: ndogo, imekoza rangi, haina weupe wa katikati. Lakini angalia pale seli zilipokaa bila kupandana. Kwenye mkia wa slaidi, pale damu inapoishia kwa wembamba, hata seli zisizo na kasoro hupoteza weupe, na wanafunzi wengi hudanganyika hapo.

Selimundu, ambayo huku Pwani twaiona sana, ina kisa chake. Mwanzoni wavu hauna kosa lolote. Kosa ni la hemoglobini, protini ibebayo oksijeni ndani ya seli: ikikosa oksijeni hujisuka nyuzi ngumu zinazousukuma utando kutoka ndani. Changanya tone la damu na sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoiondoa oksijeni, funika kwa kioo chembamba, subiri, kisha tazama kwa hadubini. Seli zilizokuwa duara utazikuta zimepinda na kuchongoka ncha. Nimeifanya miaka na miaka na bado hunisimamisha.

Zikirudishiwa oksijeni, nyingi hurudi duara. Ila iliyopinda na kunyooka mara nyingi mno, wavu wake huharibika ukaganda vile vile. Mwaka 1976 watafiti walizichukua seli za namna hiyo, wakaitoa hemoglobini, wakayayeyusha na mafuta ya utando kwa dawa ya jamii ya sabuni. Kilichobaki ni kiunzi kitupu, nacho kilikuwa bado kimepinda! Sijui ushahidi gani mwingine ungelijibu swali lako waziwazi hivyo.

Na hili lina maana mezani pako. Slaidi ya kawaida hukauka hewani, penye oksijeni tele, kwa hiyo mundu unazoziona pale kwa kawaida ni zile zisizorudi tena. Zikiwa chache, au usipoiona hata moja, usiandike kwamba mtoto hana ugonjwa. Peleka sampuli ikapimwe kwa elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme.