Michoro ya wanafunzi kwa elimu ya afya: anza na tendo, si ugonjwa

Ukiwaambia wanafunzi wachore "kuhusu kipindupindu", darasa zima litakuletea picha za watu wanaotapika. Inasikitisha kuzitazama, lakini mpita njia haambiwi afanye nini. Wape tendo moja linaloonekana: kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto, kufunika ndoo ya maji, kuchomeka chandarua chini ya godoro. Bango moja, tendo moja, maneno yasiyozidi kumi.

Kabla ya kushika penseli, mhudumu wa afya akae nao dakika 40 hivi na vifaa halisi mezani. Chukua bango la maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wanafunzi wengi huchora kijiko chenye kilima, kwa sababu kinapendeza. Hilo ni kosa la hatari, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kijiko kichorwe kwa ubavu, kikiwa kimesawazishwa, na chumvi itofautishwe na sukari kwa chombo, si kwa rangi, kwani zote ni nyeupe. Mhudumu aikague michoro tena kabla haijabandikwa.

Waanze na michoro midogo ya penseli, mitatu kila mmoja, kisha uliochaguliwa uhamishiwe kwenye karatasi ya A2. Herufi za kichwa ziwe na urefu wa sentimita 2.5 au zaidi ili mtu aliye mita 3 asome bila kukunja uso.

Kisha ijaribu. Hapa ndipo miradi mingi huteleza, maana walimu huishia kushindanisha uzuri. Funika maneno, mwoneshe mchoro mtu ambaye hakushiriki, umuulize: "Unaona nini? Unadhani unaambiwa ufanye nini?" Usimuulize kama ameelewa, kwa adabu tu atasema ndiyo. Watu kumi wanatosha kufichua kasoro kubwa. Mbu aliyekuzwa kama kuku atamfanya mtazamaji aseme mbu wa kwao si wa namna hiyo. Vijidudu vyenye pembe na meno huchekesha, ila huacha dhana kwamba mkono usioonekana mchafu ni salama. Alama ya mkasi (X) juu ya kosa nayo huwachanganya wengi; afadhali uchore lililo sahihi pekee.

Nyuso za wagonjwa zisifanane na mtu yeyote anayejulikana, hasa kwa VVU na kifua kikuu. Jina la msanii liandikwe kwa idhini ya mzazi.

Rangi za maji hutiririka mvua ikinyesha, na juani nyekundu aghalabu hufifia mapema, kwa hiyo bango la nje lipakwe vanishi. Libandike pale tendo linapofanyika: juu ya bomba, usawa wa macho ya mtoto kama mlengwa ni mtoto. Baada ya miezi miwili hivi weka jingine, kwa sababu macho yameshalizoea.