Maswali ya Wasomaji: Ushuru Wangu na Mpiga Ngoma

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, ambako nina duka dogo la vifaa vya umeme na ambako ushuru ninaulipa bila kukosa. Juzi mama yangu aliandikiwa dawa katika hospitali ya umma, kisha akaambiwa akazinunue nje. Jioni yake nikamsikia msanii redioni akidai serikali iongeze pesa za sanaa. Mwanamuziki mwenye mashabiki anajilipa mwenyewe. Asiye nao, kwa nini nimbebe mimi?

JIBU: Ndugu yangu, mfikishie mama pole zangu. Sitakuambia kwamba ngoma ni bora kuliko dawa, na anayeitetea sanaa kwa kuipambanisha na wagonjwa anaiharibia kesi. Kuhusu msanii aliyekwisha kuvuma tumekubaliana: huyo hahitaji shilingi yako. Tunapoachana ni hapo unapowafanya mashabiki kuwa mizani, kwa sababu kiingilio hulipia saa mbili za onyesho, nacho hulipwa baada ya kazi kukamilika. Miezi ya mazoezi inayotangulia haina mnunuzi.

Mwezi uliopita nilikaa asubuhi nzima katika ukumbi mmoja wa jamii huku Eastlands, nikitazama vijana wanane wakifanya mazoezi ya tamthilia inayotahiniwa katika shule za upili. Jukwaa lilikuwa mistari ya chaki sakafuni, na kiti cha enzi kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kamba. Saa nne mlinzi alikuja na funguo: ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa sherehe. Wakahamia chini ya mti, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi, na yule kijana aliyepaswa kufa katika onyesho la mwisho akafa mara tatu huku matatu zikipiga honi. Nilimuuliza kiongozi wao kwa nini wanaigiza vitabu vya mtihani peke yake, naye akanijibu, “Shule inanunua mtihani, hainunui sisi. Kitabu kikibadilishwa, na sisi tunabadilika.” Mchezo walioutunga wenyewe, unaohusu mtaa wao, umelala kwenye daftari mwaka wa pili sasa. Hilo, ndugu yangu, ndilo soko unalolisifu likifanya kazi yake barabara: limechagua, na limechagua mtihani.

Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini hali hii haijirekebishi yenyewe. Fundi wa viatu akipata mashine hushona jozi nyingi zaidi kwa siku ileile, hivyo ujira wake waweza kupanda bila bei ya kiatu kupanda sana; lakini muziki ulioandikiwa wapiga fidla wanne unawataka wanne hata leo. Sisi tunayo isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala. Hakuna mashine itakayomwezesha mtu mmoja kuzipiga zote na bado ikaitwa isukuti, ilhali nauli na unga wa wapigaji hao vinapanda sawasawa na vyako. Kinanda cha umeme kitaiga mlio, naam, na harusi nyingi zimeridhika nacho. Ndiyo maana mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Tena ushuru wako tayari umo humo. Kuna Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uliofunguliwa mwaka 1952, kuna Bomas, kituo cha ngoma za kitamaduni, iliyoanzishwa mwaka 1971, na Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali ikuze fasihi na sanaa, huku Jedwali la Nne likizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Swali lililobaki ni pesa hizo zinunue nini. Zikinunua fulana, mahema na waimbaji wa kumkaribisha mgeni rasmi, nitapiga kelele pamoja nawe. Mimi ningenunua saa za mazoezi. Ukumbi umekwisha kujengwa. Kinachotakiwa ni stima, mshahara wa mlinzi, na ratiba isiyomfukuza mtu katikati ya zoezi.

SWALI: Msanii akila kwenye meza ya serikali, ataimba nini isipokuwa sifa? Mimi ni mwanafunzi, Kahawa.

JIBU: Hofu yako ina historia. Mwaka 1977, kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wakaigiza kwa Kikuyu. Leseni yao ikafutwa, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa. Lakini itazame tena habari hiyo, mwanangu. Watu wa Kamirithu hawakula kwenye meza ya yeyote. Kilichowanyamazisha kilikuwa kibali na tingatinga, wala si ruzuku, kwa hiyo umaskini wa msanii haumpi uhuru hata kidogo.

Hata hivyo, mkono unaotoa pesa usiwe ndio unaochagua mchezo. Waingereza walipounda baraza lao la sanaa mwaka 1946, kwa kufuata fikra za mwanauchumi John Maynard Keynes, walikubaliana kwamba serikali itoe fungu na baraza ligawe, waziri asipitie majina. Ayalandi wameenda mbali zaidi: mwaka 2022 walianza kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, kwa majaribio, na wasanii hao walipatikana kwa kura ya bahati miongoni mwa waliotimiza masharti. Hapo hakuna wa kushukuriwa, na kwa hiyo hakuna wa kusifiwa.

Nairobi utaratibu huo tunaujua kwenye vyama vyetu vya kuchangiana pesa kwa zamu, ambako mzunguko hupangwa kwa vikaratasi vyenye nambari vinavyotikiswa ndani ya bakuli. Nilimdokezea kiongozi wa wale vijana kwamba saa za ukumbi zingeweza kugawanywa vivyo hivyo. Aliafiki mara moja, kwa sharti moja, kwamba bakuli lisishikwe na yule mwenye funguo.