Mwanachama Aliyejiandikisha Asipotokea: Niliyojifunza Nikipanga Ratiba ya Mashindano ya Gofu Lubumbashi

Kwa miaka sita nimekuwa nikipanga ratiba ya mashindano ya wanachama katika klabu ya gofu hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, na katika kazi hiyo yote hakuna kilichonisumbua kama jina lililoandikwa kwenye ratiba bila mwenye jina kuonekana. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaobeba jukumu hili katika klabu zao, hasa wale walioanza mwaka huu na ambao tayari wamewahi kusimama kwenye sehemu ya kuanzia, karatasi mkononi, wakiita jina mara tatu bila kuitikiwa.

Asiyepanga ratiba huona nafasi moja iliyobaki tupu kuwa jambo dogo. Tuchukue mashindano ya watu sitini. Nikiwaweka watatu watatu na kuwaachia dakika kumi kati ya kundi na kundi, napata makundi ishirini: la kwanza linaanza saa moja asubuhi, na la mwisho linaanza saa nne na dakika kumi. Mashimo 18 huchukua zaidi ya saa nne, kwa hiyo kundi la mwisho linamaliza baada ya saa nane mchana. Katika mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, hilo halina shida, isipokuwa baridi ya alfajiri inayofanya kila mtu atamani kuanza akiwa amechelewa. Lakini mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mvua hapa kwetu hupenda kushuka mchana pamoja na radi, na kanuni zenyewe zinamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo mara moja akiamini kwamba kuna hatari ya radi. Wale wa mwisho ndio wanaoloa, ndio wanaokatizwa mchezo, na mara nyingi ni wanachama wapya waliokosa nafasi za mapema kwa sababu zilishachukuliwa na watu ambao hawakuja.

Kuna hasara nyingine iliyo wazi zaidi. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, yaani mapigo ya mpira, ambapo mwenye michache ndiye mshindi, kila mchezaji anahitaji mwenzake wa kumwandikia alama. Wawili wasipotokea katika kundi la watatu, yule aliyefika kwa wakati hana wa kumwandikia, na haruhusiwi kujiunga na kundi lingine kwa hiari yake mwenyewe; ni lazima kamati imhamishe. Ninamkumbuka mama mmoja aliyekuwa amejiandaa tangu alfajiri, akabaki amesimama peke yake huku mimi nikihangaika kumtafutia kundi, na alipopata nafasi saa moja na nusu baadaye mkono ulikuwa umeshapoa na furaha ya kucheza ilikuwa imemwisha. Hakulalamika, lakini katika mashindano mawili yaliyofuata hakujiandikisha.

Kabla ya kuzungumzia adhabu, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo wanachama wengi huyachanganya. La kwanza ni kuchelewa, na hilo lina jibu ndani ya Kanuni za Gofu zinazotolewa na vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu duniani, R&A ya St Andrews kule Uskoti pamoja na USGA ya Marekani. Kanuni ya 5.3a inasema kwamba mchezaji ataanza kwa saa aliyopangiwa, wala si kabla yake, na kwamba saa hiyo ni kamili: saa tatu ni saa tatu, haina maana ya dakika nzima inayofuata. Akifika akiwa tayari kucheza, bila kuchelewa zaidi ya dakika tano, anaongezewa mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza, au anapoteza shimo hilo ikiwa ni mchezo wa mtu kwa mtu. Akizidi hapo, anaondolewa, isipokuwa kamati ikiamua kwamba alizuiwa na jambo lisilo la kawaida. Zingatieni maneno "akiwa tayari kucheza": aliyefika dakika ya nne huku viatu viko ndani ya gari hajafika. Katika hili kamati haina sababu ya kubishana na mtu, kwa maana hata wakubwa wa mchezo wamepitia humo. Seve Ballesteros, bingwa wa Hispania, miezi michache tu baada ya kushinda mashindano makubwa ya Masters ya mwaka 1980, alichelewa kuanza raundi ya pili ya US Open ya mwaka huohuo kwenye uwanja wa Baltusrol, Marekani, akaondolewa.

La pili ni kutokuja kabisa bila kutoa habari, na hapa Kanuni za Gofu hazikusaidii sana, kwa sababu asiyekuja hana mikwaju ya kuongezewa. Kumwondoa katika mashindano ambayo hakuyacheza si adhabu. Hili ni jambo la klabu yenyewe na desturi zake, na ndipo nilipofanya makosa yangu makubwa.

Kosa la kwanza lilikuwa barua. Mwaka wangu wa pili, mwanachama mmoja alikosa Jumamosi mbili mfululizo, nami Jumatatu asubuhi nikamwandikia barua kali, yenye maneno kama "dharau" na "mara ya mwisho". Alikuja ofisini siku ya Jumatano akiwa na barua hiyo mkononi, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kusema neno. Kisha akaniambia kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi mtoto wake alipandwa na homa ya malaria hadi akapoteza fahamu, na kwamba barua yangu ilimkuta akiwa bado analala kwenye kiti cha hospitali. Nilimwomba msamaha siku ile na ninaendelea kujuta. Tangu hapo sijaandika barua kabla ya kupiga simu.

Simu hiyo naipiga siku ileile, mchana, nikiwa nimeshatulia, na sianzi na kosa. Nasema: "Papa, habari ya nyumbani? Leo saa mbili na kumi tulikungoja, hatukukuona, nikasema nipige nisikie kama kuko amani." Kisha nanyamaza, ajieleze. Mwenye msiba au mgonjwa atasema, na hapo kazi ni kumpa pole, maana mtu aliyeko kwenye kilio haulizwi habari za gofu. Aliyelala atasema pia, mara nyingi kwa aibu, na aibu hiyo ina nguvu kuliko barua yoyote. Ni wachache sana watakaokudanganya ukiwauliza kwa upole. Jibu naliandika kwenye daftari, kwa sababu baada ya miezi mitatu kumbukumbu huanza kuwaonea wasiopendwa na kuwasamehe marafiki.

Katika simu hizo niligundua kwamba sehemu ya wasiokuja hawakuwa wazembe, bali ratiba yangu ndiyo haikueleweka. Tuliwahi kuandika kwenye tangazo "saa moja" tukimaanisha asubuhi, na mwanachama aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa akaja saa saba mchana, amevaa vizuri, na mkoba wake umesafishwa. Tangu siku hiyo naandika kwa namna zote mbili: saa moja asubuhi, 7h00. Mwingine alitoka Kinshasa usiku, na saa yake ya mkononi ilikuwa bado inasoma saa ya kule, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Aliegesha gari wakati wenzake wanamaliza shimo la nne. Hilo liliwahi kumkaribia Rory McIlroy, mchezaji wa Ireland ya Kaskazini, katika Ryder Cup ya mwaka 2012, mashindano ya timu ya Ulaya na ya Marekani, karibu na Chicago: alikuwa amesoma saa yake ya kuanza kwa majira ya mashariki mwa Marekani, yaliyo mbele ya yale ya Chicago kwa saa nzima, na ilibidi gari la polisi limkimbize uwanjani akafika zikiwa zimebaki dakika kama kumi tu. Kwa hiyo wanaotoka magharibi mwa nchi nawatumia ujumbe wao peke yao wenye maneno "saa ya Lubumbashi", ila wageni wetu kutoka Kitwe na Ndola hawauhitaji, kwa kuwa saa ya Zambia na ya kwetu ni ileile.

Kosa langu la pili lilikuwa faini. Tulipoona watu wanazidi kutotokea, kamati iliweka dola ishirini kwa kila anayekosa bila taarifa. Miezi miwili ya mwanzo ilionekana kama dawa. Baadaye mwanachama mmoja mwenye uwezo alimpa mhasibu dola mia moja mapema, akamwomba awe anakata humo humo kila atakapokosa. Hapo nikaelewa kwamba faini ilikuwa imegeuka bei: mtu analipa, na baada ya kulipa anaona hana deni kwa yeyote. Aliyesumbuliwa kwa kweli, yaani mshiriki wa kundi lake na kijana aliyekuja kumbebea mkoba, hakupata hata faranga moja.

Kuhusu kijana huyo ninaomba wenzangu wasikilize kwa makini, kwa sababu kedi, yaani vijana wanaowabebea wachezaji mikoba, husahauliwa katika mazungumzo haya yote. Siku moja, baada ya kufunga orodha ya makundi, nilimkuta mmoja wao amekaa kwenye jiwe nyuma ya chumba cha kuhifadhia mikoba. Alikuwa amepanga fimbo zote kwa urefu, amezipangusa moja moja, na taulo lenye maji lilikuwa mapajani mwake, limeanza kukauka pembeni. Alikuwa ametoka mtaa wa Katuba kwa miguu kukiwa bado giza, kwa sababu mwanachama aliyepangiwa naye alijiandikisha nafasi ya kwanza kabisa. Ilikuwa saa nne kasoro. Aliniuliza, "Papa, anakuja?" Nilikuwa najua tayari kwamba haji, na vijana wengine wote walishaondoka na wachezaji wao. Siku hiyo alirudi nyumbani bila kitu.

Kwa sababu hiyo tulibadilisha utaratibu mzima, na huu ndio ninaowashauri. Anayekosa bila taarifa na bila sababu ya kweli anamlipa kedi wake malipo kamili ya siku, akimkabidhi mwenyewe mkononi. Kisha, katika mashindano mawili yanayofuata, haruhusiwi kujiandikisha mapema. Anaweza kuja siku yenyewe, akangoja, na kucheza ikiwa kuna nafasi iliyobaki. Hafukuzwi wala hatangazwi ubaoni, anakosa tu kile alichokitumia vibaya. Akirudia mara ya tatu ndani ya miezi sita, anaitwa mbele ya kamati na kusikilizwa. Hatujawahi kwenda mbali zaidi ya hapo, nami nisingependa twende. Mwaka 2010, kule New Jersey, Jim Furyk, mchezaji maarufu wa Marekani, aliondolewa katika mashindano mazima kwa sababu tu simu iliyokuwa imwamshe iliishiwa na betri usiku, akakosa saa yake ya mchezo wa awali wa pamoja na wageni wa wadhamini. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa kwa kuwa wengi waliiona nzito kupita kosa. Mjini kwetu, ambapo umeme unaweza kukatika usiku kucha, yeyote kati yetu angeweza kukutwa na hilo.

Adhabu, hata hivyo, haifiki hata nusu ya kazi. Nusu kubwa ni kumrahisishia mtu kusema "siji". Zamani aliyetaka kujiondoa alilazimika kumtafuta katibu kwa simu, naye katibu hakosi kumuuliza maswali, basi mtu anaona heri anyamaze. Sasa tuna namba moja ya WhatsApp kwa ajili hiyo tu, na anayejiondoa kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni haulizwi chochote. Baada ya hapo pia namsihi aandike, hata ikiwa ni saa kumi na moja alfajiri, maana ujumbe wa maneno mawili unanipa muda wa kumwita mtu kutoka kwenye orodha ya wanaongojea. Orodha hiyo tunaipanga kwa kuangalia nani anakaa karibu na anaweza kufika ndani ya dakika ishirini, wala hatufuati cheo chake katika klabu.

Cheo ndicho kinachoharibu taratibu nyingi, na hapa kamati inahitaji moyo mgumu. Mdhamini akiomba nafasi sita kwa ajili ya wageni wake, mpeni, lakini alete majina kufikia Jumatano, na nafasi isiyo na jina irudi kwa wanachama Alhamisi jioni. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo niliogopa kwamba tutampoteza mdhamini. Hakuondoka, alimweka mtu wa ofisini kwake kushughulikia orodha, na wageni wakaanza kufika. Mkubwa mmoja wa klabu naye alikosa bila taarifa, na kamati ilimpa masharti yaleyale. Alingoja Jumamosi mbili kwenye benchi pamoja na vijana wa chuo kikuu, akapata kucheza moja kati ya hizo. Wanachama walioona hivyo hawakuhitaji kuelezwa tena.

Jambo dogo la mwisho tulilolifanya ni kubandika orodha ya kedi kando ya ratiba, jina la kijana likiwa mbele ya jina la mchezaji wake, na kumtumia kila mwanachama jina hilo Ijumaa jioni. Mwezi uliopita simu yangu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa mwanachama anayefanya kazi katika mji wa Likasi: lori lilikuwa limepinduka na kuziba barabara, na magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Aliniambia nimpe nafasi yake mtu mwingine, kisha, kabla sijamjibu, akaniuliza kama kijana wake ameshatoka nyumbani na kama ninaweza kumpatia mchezaji mwingine.