Kuhani alitoka nje ya kambi

Swali lenu la wiki hii, "Je, Mkristo bado anahitaji kuhani kati yake na Mungu?", limenigusa pabaya. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na jibu nililolelewa nalo ni hapana. Pazia la hekalu, lililowatenga watu na mahali pa Mungu, lilipasuka Yesu alipokufa, hekalu lenyewe Warumi wakalibomoa mwaka 70, na Waebrania sura ya 7 inasema Yesu ni kuhani wa milele kwa mfano wa Melkizedeki, yule kuhani wa zama za Abrahamu, tena ametoka kabila la Yuda, si Lawi, kabila la makuhani. Petro naye anatuita sote ukuhani wa kifalme.

Ila ninachotaka kuuliza mimi ni kuhani alikuwa anakwenda wapi. Wengi tunamjua yule wa Siku ya Upatanisho tu, anayeingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka. Someni Walawi 14. Mwenye ukoma alikaa peke yake nje ya kambi ya Waisraeli, na siku ya kutakaswa kwake kuhani ndiye aliyetoka kwenda kumtazama huko huko nje.

Mama yangu mdogo alitengwa na usharika kwa kuolewa mke wa pili. Mume alipofariki akaomba kurudi kundini. Wazee wa kanisa wakajibu kwamba utaratibu unajulikana: aje Jumapili, asimame mbele ya usharika, atubu. Wakati huo nyonga zilikuwa zimemshinda, hata chooni anashikwa mkono. Kila Jumapili alivaa gauni lake la bluu na kitambaa cheupe kichwani, akakaa barazani. Ibada ikiisha watu wanapita pale pale njiani, wanasalimia, "Shikamoo mama," wanaendelea na safari.

Aliyekuja ni mwinjilisti mmoja mstaafu, suruali imekunjwa kwa sababu ya matope, kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa nailoni. Akavuta kigoda akakaa karibu naye. "Mwanangu, nyonga zinasemaje?" Dhambi hakuzigusa kwanza. Wakazungumza mvua, wakazungumza marehemu, mama mdogo akalia, akasema mwenyewe yaliyokuwa moyoni. Mzee akamwekea mkono kichwani akamwambia amesamehewa. Kisha akauliza, "Humu ndani leo hawapiki?" Akaletewa ndizi, akala akamaliza sahani. Wazee wa kanisa walipopata habari walinung'unika: yeye si mchungaji, kapata wapi mamlaka?

Sasa, Walawi 14 ina jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Siku ya nane kuhani anampaka aliyetakaswa damu kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Ni mahali pale pale Musa alipompaka Haruni na wanawe walipowekwa wakfu, Walawi 8. Aliyekuwa nje anarudi na alama za kuhani mwilini! Na Waebrania 13 inasema Yesu aliteswa nje ya lango, ikatuita tumwendee huko.

Nilianza kuandika nikiwa na hapana yangu mkononi, na sasa siwezi kuitia sahihi. Usharika mzima ulikuwa makuhani kwa mafundisho yetu, na usharika mzima ukapita barazani. Basi ndiyo, tunahitaji kuhani, mtu ambaye kutoka nje ni kazi yake na ataulizwa asipokwenda. Simaanishi mtoa dhabihu mwingine. Dhabihu ilitolewa mara moja ikatosha. Wala sisahau kwamba katika Walawi 13 kuhani huyo huyo ndiye aliyetamka kuwa mtu ni najisi akatolewa kambini, na uwezo huo sioni wa kumkabidhi. Nisingependa hata avae kola ya kichungaji. Ila kila mtaa wa usharika ujue jina lake, na aliyelala kitandani ajue atakuja siku gani.