Buibui Anayewinda Mbu Aliyeshiba Damu: Maswali na Majibu

Tangu tumtaje hapa buibui mrukaji wa Ziwa Victoria, maswali yamemiminika. Haya ni baadhi.

Kweli anakunywa damu ya watu? (Msomaji, Umoja)

Damu anaipenda, ila kuitoa mwilini mwako hawezi. Meno yake hayakuumbwa kutoboa ngozi. Humngoja mbu jike anywe kwanza, kisha humla mbu huyo. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, alilopewa mwaka 2003. Anapatikana kandokando ya ziwa, Kenya na Uganda, na urefu wake ni kama milimita 5.

Anamjuaje mbu wa kumla? (Mwalimu, Kayole)

Kwa macho na kwa harufu. Ana macho manane, na yale mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayopambanua umbo. Anofelesi, yule mbu wa malaria, hutua kwa mshazari, kichwa chini tumbo juu. Mbu wengine hulala sambamba na ukuta. Watoto wa buibui huyu, ambao ni wadogo kuliko mbu mwenyewe, wanalijua pozi hilo. Mtoto huzunguka polepole hadi nyuma ya anofelesi, akajipenyeza chini ya lile tumbo lililoinuka, kisha akamvamia kutokea huko. Na mkubwa akishakula mbu mwenye damu, hunukia vizuri kwa wa jinsia ya pili. Marashi ya bei nafuu hayo!

Nikianika soksi chafu dirishani atakuja? (Kijana, Kasarani)

Hapo Kasarani utaita mbu tu. Lakini hukukosea sana: majirani zako wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wana kituo Mbita, ufuoni mwa ziwa, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba buibui huyu huvutiwa na soksi iliyovaliwa kuliko safi.

Basi tumfuge, malaria iishe. (Mama wa watoto wawili, Rongai)

Pole, mama. Mbu mwenye damu ameshauma tayari. Faida ni kwamba vimelea vinahitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo aliyeliwa leo hatamwambukiza mtu mwingine. Neti usiitoe.

Mrukaji wa ukutani kwangu nimpige kandambili? (Msomaji, Pipeline)

Huyo ni wa aina nyingine, na hana sumu ya kukudhuru. Muache ale inzi.