Kuganda siyo kukomaa

Kaka, hiyo faiba (kitambaa cha kioo kilicholoweshwa rezini) uliyobandika kwenye bampa jana, ikashika lakini haistahimili kugongwa, imeganda tu, haijakomaa. Kuganda ni rezini, ile gundi ya majimaji, kuacha kumiminika, inakuwa kama jeli. Kukomaa ni kufikia ugumu wake kamili, na huchukua siku kadhaa. Tena Julai hii ya Uyole, Mbeya, asubuhi mdomo unatoa moshi! Rezini ya poliesta chini ya nyuzijoto 15 za Selsiasi inalala, haikomai vizuri. Usiongeze hadena, dawa ya kugandisha rezini, kiholela. Kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini, ukizidisha inachemka na kupasuka. Mimi naanza saa tano, jua likishapasha bampa. Na jiko la mkaa likae mbali kabisa, mvuke wa rezini unashika moto.